Wadudu wa Mto wa Ami Salum

Mwanangu, siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo ni ile Jumamosi baba yangu alipofungua kabati la jikoni kutafuta samli, akakuta chupa za wadudu.

Tulikuwa tunaishi Lewisham, hapa London, katika nyumba ya ghorofa, si mbali na hospitali. Mimi nilikuwa chumbani nachana nywele. Mara nikasikia, "Rukia! Njoo hapa! Njoo upesi!" Nikatoka mbio na chanuo kichwani. Nikamkuta Baba ameshika chupa kwa vidole viwili, ameiweka mbali na nguo zake kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Ndani ya chupa mlikuwa na kaa mdogo wa kijivu, na vidudu chungu nzima vimelala chini.

"Nini hiki?"

"Wadudu wa mtoni, Baba. Wa kwa Ami Salum."

Akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Na haya maji yananuka nini?"

"Si maji. Ni spiriti, ili wasioze."

"Ulevi! Rukia, umeleta ulevi kwenye kabati la samli!"

Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Hata hakugeuka. Akasema, "Ni spiriti ile ile uliyokuwa ukiwashia jiko la stovu kule Unguja. Sikukuona hata siku moja umelewa."

Baba akaitazama chupa, akamtazama Mama, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka ikabidi avute kiti akae. Basi ndivyo kazi ile ilivyoanza nyumbani kwetu, kwa kicheko, na nikikusimulia leo bado nakisikia.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Najua wewe umezaliwa hapa London, na nikikuuliza kwa Kiswahili utanijibu kwa Kiingereza. Si neno. Sikiliza tu.

Mimi nilizaliwa Unguja. Mapinduzi yalipotokea nilikuwa mtoto wa kubebwa, nayajua kwa kusimuliwa. Baada yake wazazi wangu walivuka kwenda Tanga, kwa kaka yake Baba, Ami Salum, aliyekuwa akiishi katika kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara. Alitupokea na mabegi yetu bila kuuliza tutakaa muda gani. Alihama chumba chake, akatupa sisi, yeye na mkewe wakahamia sebuleni. Mto ulipita nyuma ya nyumba. Katika mto huo nilijifunza kuogelea, na maji yake ndiyo tuliyokunywa na kupikia. Nilikaa hapo mpaka nikawa msichana wa shule. Kisha Baba akapata kazi ya kupika katika mkahawa wa Mwarabu mmoja, Edgware Road, ambako wageni wa Oman na Ghuba huja kula, akatuvuta huku mimi na Mama. Lakini hakuna siku aliyokunywa maji ya bomba ya London bila kusema, "Maji ya kwa kaka yangu yalikuwa na utamu wake."

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, nasoma elimu ya viumbe, Ami Salum alipiga simu. Simu wakati ule ilikuwa ghali, na mtu hakupiga ila kuna harusi au msiba. Baba aliisikiliza amesimama. Alipoweka chini mkono wa simu alikuwa amebadilika uso.

"Mto umeharibika," akasema.

Juu ya kijiji palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Mkonge, mwanangu, ukishakatwa huchunwa kwa mashine na kuoshwa ili zibaki nyuzi, na yale maji ya kuoshea ni machafu, makali, yanawasha ngozi. Shamba lilikuwa limepanuka, na maji yale yalikuwa yanamwagwa mtoni moja kwa moja. Watoto wa kijiji walikuwa wanaharisha. Wanakijiji walilalamika. Watu wa shamba wakaja, wakachota maji kwenye chupa, wakapima, wakasema maji hayana kasoro. Walikuja siku ambayo mashine zimesimama. Na wakaongeza kwamba kama kuna uchafu, basi mto unashuka nao kutoka mlimani.

Baba alikuwa akienda kazini na kurudi, moyo wake uko mtoni. Mtu aliyempa chumba chake alikuwa anakunywa sumu, na yeye Baba yuko London, anakaanga sambusa.

Pale chuoni nilikuwa na mwalimu, Bi Kusum. Alikuwa Mhindi wa Mombasa, mwanamke mfupi anayevaa sari na juu yake sweta nene la sufu. Alikuwa akitufundisha habari za mito. Mbele ya wenzangu tulizungumza Kiingereza, lakini tukibaki wawili alikuwa akiniangushia Kiswahili cha Mombasa, na mimi roho yangu ikifurahi. Nikamweleza habari ya Ami Salum. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Rukia, maji hayakai," akasema. "Yaliyopita jana huwezi kuyapima leo, yameshafika baharini. Lakini chini ya mawe mna wadudu. Wao hawaendi popote. Sumu ikipita asubuhi au usiku, Jumatatu au Ijumaa, wao wanaipata. Wengine hufa upesi sana, wengine hustahimili, na wako wachache wanaonawiri kwenye uchafu. Ukijua nani yupo na nani hayupo, utajua mto umeishi vipi kwa miezi mingi, hata kama leo maji yanang'aa."

"Lakini mto uko Tanga, Mwalimu, na mimi niko hapa."

"Ami yako yuko wapi?"

Ndipo nikaelewa.

Mama ndiye aliyeshona wavu. Alinunua kitambaa cha pazia chenye matundu madogo sana pale soko la Lewisham, akakishona kama mfuko, tukakifunga kwenye mpini wa ufagio. Kabla ya kupeleka Tanga tukaenda kuujaribu katika mto wa hapa hapa Lewisham. Laiti ungemwona bibi yako! Viatu vya mpira hadi magotini, koti la baridi, na juu ya koti kanga, amesimama katikati ya mto anapiga mawe kwa mguu, na mimi nyuma yake nimeutega wavu ili maji yaniletee kila kinachong'oka. Watu waliokuwa wakipita darajani walisimama kutazama. Bibi mmoja wa Kizungu akauliza kama tumepoteza pete. Mama akamjibu kwa Kiingereza chake, "No, madam, we look for insect," na yule bibi akabaki kututazama mpaka tulipomaliza. Tukapata ruba, konokono, na vidudu vingine vya kijivu, tukafurahi kama tuliovua nguru.

Jirani yetu mmoja, nesi wa Kikenya, alikuwa anakwenda kwao likizo kupitia Tanga kwa dada yake. Akauchukua wavu, na Ami Salum tukamweleza kwa simu namna ya kufanya. Nakumbuka Baba akipiga kelele kwenye simu, "Piga mawe kwa mguu, kaka! Kwa mguu! Kama unamfukuza kuku!" Tukamwomba avue mahali pawili: juu ya shamba, mto kabla haujafika kwenye mashine, na chini ya shamba, karibu na kijiji. Wadudu awatie kwenye chupa zenye spiriti na kuandika mahali alipowatoa. Nesi aliporudi, chupa zikaja ndani ya begi lake, zimefungwa kwenye kitenge. Zilifika Baba yuko kazini, na habari ya spiriti nilikuwa nimemweleza Ami mimi mwenyewe, kwa hiyo ndizo hizo alizozikuta Baba bila kuzitambua.

Tangu siku ile ya kicheko, jioni za nyumba yetu zilibadilika. Tulimwaga wadudu kwenye sinia nyeupe, tukaketi kuwachambua. Mama alikuwa na mkono mwepesi kwa sababu ya kuchambua mchele miaka yote. Baba alivaa miwani, akachukua lenzi yangu, na kwa kuwa majina yao ya kitaalamu yalimshinda, akawapa majina yake mwenyewe. Wadudu wenye mikia mitatu akawaita "mabwana harusi". Wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na kuishi ndani yake akawaita "mafundi uashi". Na vile vijinyoo vyekundu vinavyopenda matope akavikataa kabisa, akasema hivyo hata jina havistahili.

Chupa ya chini ya shamba ilikuwa rahisi. Vijinyoo vyekundu vitupu. Chupa ya juu ya shamba ilijaa: kaa, kamba wadogo, mabwana harusi, mafundi uashi, watoto wa kereng'ende. Ukiitazama tu unaona uhai.

Basi nikachukua jedwali tulilofundishwa chuoni. Jedwali hilo humpa kila mdudu alama zake. Anayekufa upesi kwa uchafu ana alama nyingi, anayestahimili ana chache. Unajumlisha, unajua hali ya mto. Nikajumlisha chupa ya juu ya shamba. Jibu likatoka hafifu. Nikarudia, likatoka vile vile. Jedwali lilikuwa linasema mto ni mbaya hata kabla haujafika kwenye shamba. Maana yake wenye shamba walikuwa wanasema kweli.

Mwanangu, nililia. Nilimwambia Baba, akasema polepole, "Basi hata tulipokuwa tunaogelea mle ulikuwa umeoza?" Neno lile liliniuma kuliko alama zenyewe. Nikaenda kwa Bi Kusum siku iliyofuata, nikaweka jedwali mezani, nikamwambia kazi imekwisha, mto ni mchafu toka mlimani.

Bi Kusum alisoma, akavua miwani. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika.

"Huyu kaa umempa alama gani?"

"Sikumpa. Hayumo kwenye jedwali."

"Na kamba?"

"Naye hayumo."

"Kwa nini hawamo?"

Nikaligeuza jedwali nyuma na mbele.

"Hawamo kwa sababu aliyeandika jedwali hili alikuwa anatazama mito ya huku kwenye baridi," akasema. "Wale wadudu wanaopewa alama za juu kabisa hapa, kule kwetu ni wachache hata kwenye chemchemi. Na wa kwetu, aliyeliandika hajui hata kuwa wapo. Rukia, wewe umekulia kwenye mto ule. Umeunywa. Umewaona wadudu wenyewe kwa macho yako, umesema wamejaa uhai. Halafu karatasi ikakwambia ni mbaya, na wewe ukaamini karatasi! Hukuuliza hata imetoka wapi!"

Nikainamisha kichwa. Hapo sauti yake ikalainika. "Sasa futa machozi. Niambie, kule kwenu kuna kijito ambacho hakijaguswa na mtu? Hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna ng'ombe?"

Kilikuwepo. Juu kabisa, ndani ya msitu. Ami Salum alikuwa akituonyesha njia yake tulipokuwa watoto, na akitukataza kwenda peke yetu.

"Tunataka wadudu wa huko," akasema Bi Kusum. "Hao ndio watakaotuambia mto wa kwenu ulio mzima, usio na uchafu, unafananaje. Tukishajua, ndipo tuwalinganishe na wa juu ya shamba."

Baba hakutaka. Kaka yake alikuwa ameshakuwa mtu mzima sana, na njia ya msituni ni ya kupanda tu. Lakini tulipompigia simu Ami Salum alicheka. "Mnadhani mimi ni wa kukaa barazani? Huo msitu ni wangu. Nitapanda na mke wangu, amekuwa akitamani kwenda kuchuma hiliki." Na wakapanda, mzee na mkewe, na wavu wa pazia la Lewisham begani.

Kungoja chupa zile kulikuwa kuzito. Hatukuwa na msafiri, kisha akapatikana, kisha safari yake ikaahirishwa. Kila Baba aliporudi kazini swali lake la kwanza lilikuwa kama zimefika. Hatimaye zikafika. Nilimwita Bi Kusum nyumbani, akaja na hadubini yake kwenye mfuko wa sokoni. Mama alipika pilau, lakini hakuna aliyekula. Tukamwaga wadudu kwenye sinia, pembeni tukaweka sinia ya wale wa juu ya shamba.

Kaa. Kamba. Mikia mitatu. Vijumba vya mchanga. Kereng'ende. Bi Kusum akawa anatazama huku, anatazama kule. Baba aliposhindwa kuvumilia akamwambia, "Mwalimu, tuambie basi."

Akainua kichwa. "Ni ndugu," akasema. "Hawa na hawa ni watu wa nyumba moja. Mto unafika shambani ukiwa mzima, mzee wangu. Mzima kama ulivyotoka msituni. Unaharibiwa pale pale."

Mama akapiga kigelegele. Kigelegele cha Unguja, mwanangu, si hiki mnachopiga nyinyi kwa kuona haya. Yule nesi wa Kikenya akaja mbio kugonga mlango, akauliza, "Nani anaolewa?" Baba akamwambia, "Ingia, dada. Wadudu wanaoa." Akaingia, akala pilau na sisi.

Wenye shamba walikuwa na ofisi yao hapa London. Tukaomba kuonana nao, na baada ya kuzungushwa sana tukapewa nafasi. Tulikwenda mimi, Bi Kusum na Baba. Baba alivaa suti yake ya Idi. Ndani ya treni alizipakata chupa kama mtoto mchanga, hakutaka mtu amsaidie. Bwana tuliyemkuta alikuwa Mzungu mzee, amewahi kukaa Tanga, na alitusalimu kwa Kiswahili kibovu lakini cha heshima. Nikammwagia wadudu kwenye visahani juu ya meza yake.

"Hawa ni wa msituni," nikamwambia. "Hawa ni wa juu ya shamba lenu. Na hawa ndio mnaowapa watu wa kijiji."

Akakiangalia kisahani kimoja kimoja. "Lakini maji tulipima," akasema.

"Mlipima siku mashine zimelala. Hawa hawakuwa na siku ya kulala."

Baba hakuwa amepangiwa kusema, lakini akasema. "Bwana, chini ya shamba lako anaishi kaka yangu. Nilipokuwa sina pa kulala alinipa chumba chake. Mimi sina cha kumpa. Nakuomba umrudishie maji yake."

Yule bwana akavua miwani, akasema atalitazama jambo hilo. Tukarudi, miezi ikapita, kimya. Nikadhani tumeshindwa. Lakini Ami Salum hakuwa mtu wa kungoja London. Alikuwa ameshajua kazi. Akaenda wilayani na wanakijiji wenzake, wakamleta afisa mpaka mtoni, wakampa viatu vya mpira, wakamwambia avue mwenyewe juu ya shamba na chini ya shamba. Afisa alipotoka majini suruali imelowa, hakuhitaji tena kuelezwa. Akaliandikia shamba barua kali, na bila shaka yule mzee wa ofisini naye alisukuma upande wake, maana baada ya hapo mabwawa yakachimbwa, maji ya mkonge yakawa yanaingia humo kutuama badala ya kumwagwa mtoni.

Mvua za masika zilipokwisha kuusafisha mto, simu ililia asubuhi, tuko mezani tunakunywa chai. Baba akapokea. Sauti ya Ami Salum ilisikika mpaka kwetu tuliokaa mbali: "Mabwana harusi wamerudi! Nimewavua leo, hapa hapa nyuma ya nyumba! Na watoto wanaoga!" Baba alinipa mimi mkono wa simu, akasogea dirishani, akasimama anatazama mabasi yanavyopita huku machozi yanamtoka na anacheka.

Mwanangu, nimeyasimulia haya kwa sababu nimekusikia uliporudi kutoka likizo kule kwetu Tanga. Ulikaa kwenye kochi hili ukasema kule kila kitu kibovu. Na wiki iliyopita nikakusikia unajisema wewe mwenyewe kuwa huna lolote, kwa kujilinganisha na watoto wengine wa chuoni kwenu. Mara zote mbili nilimkumbuka Bi Kusum. Ukipewa kipimo, uliza kwanza kilitengenezwa wapi na kwa ajili ya nani. Hakuna ubaya kupimwa, mimi nimepima mito maisha yangu yote. Lakini jua kwanza uzima wa kitu hicho unafananaje, ndipo uhukumu. Na ukitaka kujua hali ya mahali, usitosheke na aliyepita siku moja na chupa yake. Watafute wanaokaa hapo siku zote, hata kama ni wadogo na hawasemi. Na elimu ukiipata usiikalie. Mimi nilikuwa na chuo, na hadubini, na mwalimu, lakini mto uliokolewa siku Ami Salum alipoweza kufanya kazi ile bila mimi. Tena ukikosea, na utakosea, Mungu akupe mtu wa kukukasirikia kama nilivyokasirikiwa, kwa mapenzi, na kukuonyesha pa kuanzia upya kabla hujatoka mlangoni kwake.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe akili ya kuuliza na moyo wa kufurahi, akulinde katika jiji hili na katika kila nchi utakayokanyaga, na kila mahali utakapokaa, watu wa hapo wanywe maji safi. Amin.